Majina Arobaini na Moja

Kila siku saa sita na nusu mchana, Precious binti Kasmiri alitoka darasa la saba akiwa na karatasi mkononi na rula kwapani, akaja kusimama mbele ya jiko la shule kama karani wa forodha. Karatasi ilikuwa na majina arobaini na moja. Darasa la saba la shule ile, pembezoni mwa mji wa Bariadi, lilikuwa na watoto tisini na sita. Hesabu ya kutoa hapo haikuhitaji ubao. Ilikuwa imekaa nje ya ua wa minyaa, imekunja magoti, inatazama moshi.

Mpishi alikuwa Nyanjige, mjane mwenye mikono mirefu na maneno machache. Alikuwa halipwi fedha. Mapatano yake na Mwalimu Mkuu, Mwalimu Januarius, yalikuwa mepesi: yeye apike makande ya kambi ya darasa la saba, na binti yake Joyness ale bila kuchangia debe la mahindi na maharage kama wazazi wengine walivyotakiwa. Kwa hiyo jina la Joyness lilikuwa la arobaini na moja, chini kabisa, kwa wino wa rangi nyingine.

Kambi yenyewe haikuwa na hema wala kitanda. Ilikuwa jina tu la masomo ya ziada yaliyokwenda hadi saa kumi na moja jioni, kuelekea mtihani wa taifa wa mwezi wa tisa. Na elimu ni bure, Mwalimu Januarius alipenda kulisema hilo kila mkutano, tena kwa sauti ya juu. Kilichochangiwa ni chakula, na chakula si elimu. Aliyechangia ale, asiyechangia ajisomee nje ya ua mpaka wenzake wamalize. Ni haki ipi iliyo wazi kuliko hiyo?

Kabla jina la kwanza halijaitwa, mabakuli ya walimu yalikuwa yameshapita. Walimu hawakuchangia hata punje, lakini maharage yaliijua njia ya ofisini kwao. Mwalimu Januarius alitaka bakuli lake liwe na maharage "yanayoonekana." Nyanjige alizamisha upawa hadi chini ya sufuria, akayatafuta, akayaleta juu.

Mchana, darasa lilirudi ndani kwa kipindi cha hesabu. Arobaini na mmoja walikaa mbele, kwenye madawati. Hamsini na watano walikaa nyuma, na ilipofika saa tisa vichwa vyao vilianza kuinama kimoja kimoja, kama mtama uliokosa mvua. Mwalimu Januarius aliwaita vilaza. Matokeo ya mtihani wa majaribio yalipotoka, wa mbele wakawa juu na wa nyuma wakawa chini, naye akayabandika mlangoni. Afisa wa elimu wa kata alipopita, alionyeshwa karatasi ile.

"Hawa wa chini wana tatizo gani?" aliuliza afisa.

"Mwamko, mkuu. Mwamko mdogo wa wazazi."

Afisa akaandika "mwamko" kwenye daftari lake, akalipigia mstari, akapanda pikipiki yake akaenda zake.

Jumatano ya mwisho wa mwezi wa saba, Mwalimu Januarius alimwita ubaoni Mboje, binti wa Mayige mfugaji. Mboje alitoka mbali, mwendo wa saa mbili kwa miguu, na kabla ya kutoka nyumbani alikuwa ameshakamua ng'ombe. Jina lake halikuwa kwenye karatasi. Alishika chaki, akaandika sehemu mbili za kujumlisha, kisha chaki ikateremka ubaoni ikichora mstari mrefu, na yeye akateremka nayo.

"Anaigiza," alisema Mwalimu Januarius. "Wakiona hesabu, wote wana kifafa."

Darasa likacheka. Waliokula walicheka kwa sauti. Wasiokula walicheka kwa adabu. Joyness hakucheka. Aliinuka bila kuomba ruhusa, akamshika Mboje makwapani, akasaidiwa na mwenzake kumpeleka jikoni kwa mama yake.

Nyanjige alimmwagia maji usoni, akamketisha kwenye kigoda. Sufuriani palikuwa pamebaki ukoko. Akaukwangua, akautia kwenye sahani, akamsogezea.

"Kula, mayu, mwanangu."

Mboje aliitazama sahani, kisha akaisukuma taratibu.

"Wabeja, mama, asante. Usinipe."

"Kwa nini nisikupe? Tumbo lako ni la mbao?"

"Nikila leo, kesho saa sita itakuwa ndefu. Nimeshaizoea."

Nyanjige alibaki ameshika upawa. Alikuwa amewaona watu wakizoea baridi, wakizoea mume mlevi, wakizoea hata makaburi ya watoto wao. Mtoto wa miaka kumi na mitatu aliyeizoea saa sita ya mchana hakuwa amemwona, na ilimchoma zaidi kwa kuwa kila siku saa sita ile aliipika yeye, kwa mikono yake, mita ishirini kutoka puani mwa mtoto huyo.

"Kula," alisema tena, safari hii kwa ukali. Mboje akala. Alikula akiwa ameupa mlango mgongo, haraka haraka, kama mwizi.

Kesho yake Precious alipofika na karatasi, Nyanjige alinyoosha mkono.

"Lete niione."

Aliisoma polepole, kidole kikitembea chini ya kila jina, maana yeye shule aliiachia darasa la nne. Alipofika la arobaini na moja aliikunja mara mbili, akaisokomeza chini ya sufuria. Moto ukaipokea.

"Mama Joyness!" Precious alishika mdomo. "Nitamwambia mwalimu!"

"Mwambie. Ila kwanza chukua sahani yako upange foleni. Na wewe utakula."

Wa nje ya ua hawakuja mara moja. Walidhani ni mtego; wengine walidhani kuna mgeni mkubwa shuleni na baada ya picha watafukuzwa. Alitangulia Joyness kumvuta Mboje mkono, ndipo wengine wakafuata, bila sahani, wakapakuliwa kwenye vifuniko vya ndoo na majani ya migomba. Nyanjige alikuwa ameongeza maji na kupunguza upawa. Alikuwa pia amepunguza mabakuli ya walimu, na hapo ndipo lilipokaa kosa lake. Angewapunja watoto peke yao, pengine mwezi wa tisa ungefika bila mtu mzima yeyote kugundua.

Precious hakumwambia mwalimu. Baba yake alikuwa Mwanza kwa mambo ya pamba, na yeye, kwa mara ya kwanza tangu kambi ianze, hakuwa na karatasi ya kulinda. Siku ya tatu alionekana akiruka kamba na wasichana wa nyuma. Alikuwa hajui kuruka. Walimfundisha.

Siku ya saba Mwalimu Januarius alikuja jikoni mwenyewe, na bakuli mkononi.

"Nyanjige, hiki nini?"

"Makande, mwalimu."

"Nimehesabu maharage. Kumi na manne!"

"Basi umewazidi watoto. Wao wamepata manane."

Mkutano wa wazazi uliitishwa Jumamosi, ndani ya darasa la saba. Waliochangia walikaa kwenye madawati. Wasiochangia waliketi sakafuni nyuma, pale pale walipokaa watoto wao, na hakuna aliyewaambia wakae hapo. Mwenyekiti wa kamati ya shule, Bwana Kasmiri, baba yake Precious, alikuwa amerudi kutoka Mwanza na gari lake, na ndani ya gari alikuwa amepakia mizani yake ya kununulia pamba. Wakulima waliokaa sakafuni waliitambua mara ilipoteremshwa. Kila msimu ilikuwa ikiwapunja.

Stoo ikafunguliwa, magunia yakapimwa moja baada ya jingine, huku Nyanjige amesimamishwa mlangoni mikono mbele ili kila mtu amwone. Mwalimu Januarius aliandika, akajumlisha, akajumlisha tena.

"Hakuna kilichopungua," alisema mwishowe, kwa sauti ya mtu aliyefiwa.

"Basi ni vibaya zaidi," alisema Kasmiri. "Mwizi ungemwelewa, ana shida zake. Huyu hakuiba. Huyu amegawa chakula cha mwanangu kwa watoto ambao baba zao hawana haya. Mwanangu anakula nusu upawa! Nimemtoa nyumbani ale nusu upawa?" Akanyoosha kidole hadi nyuma. "Mayige yule pale. Ana ng'ombe themanini. Debe moja la mahindi linamshinda?"

Mayige hakuona haya hata kidogo. Alisimama na fimbo yake.

"Mwenyekiti, mimi nina ng'ombe, sina mahindi. Na yule binti nimemleta shule kwa sababu mtendaji wa kijiji alisema nisipomleta atanipeleka mahakamani. Kusoma mmemtaka ninyi. Kula sikumtuma."

Watu wakacheka, wa mbele na wa sakafuni pamoja. Kasmiri akafungua mikono kama mtu aliyeshinda kesi.

"Mnasikia wenyewe? Mwamko!"

"Ng'ombe ni wa baba, mwenyekiti," Nyanjige alisema kutoka mlangoni, "lakini tumbo ni la mtoto. Mboje hajawahi kuuza hata ndama mmoja."

Kicheko kikakatika.

"Nani amekupa nafasi?" Kasmiri aliuliza. "Mpishi hachangii hoja kwenye mkutano wa waliochangia."

Hilo likaandikwa kwenye muhtasari. Kisha likaandikwa azimio, kwamba Nyanjige ataomba radhi Jumatatu asubuhi mstarini, mbele ya shule nzima, kwa maneno atakayoandikiwa na Mwalimu Mkuu. Akikataa, upawa ataushika shemeji yake Kasmiri, na jina la Joyness litafutwa. Zilikuwa zimebaki wiki tano kufika mtihani. Wale wa sakafuni walipoulizwa kama wanaafiki, walinyoosha mikono. Mayige aliunyoosha wake pamoja na fimbo.

Nyumbani, Joyness alikataa katakata.

"Usiombe, mama. Uombe radhi ya nini? Nitashinda nje ya ua kama wenzangu."

"Halafu?"

"Nitazoea."

"Mimi sikukuzaa uzoee!" Nyanjige alipiga kelele, mpaka kuku wakatawanyika. Kisha akasema taratibu, "Nitaomba. Maneno ni ya kwake, mdomo tu ndio wangu. Wewe kazi yako ni kufaulu."

Joyness aliondoka akaenda kuchota maji bila kutumwa, ili asilie mbele ya mama yake.

Jumatatu watoto walipanga mistari, kuanzia awali hadi darasa la saba. Mwalimu Januarius alimkabidhi Nyanjige karatasi, ingawa alijua fika kusoma kwake. Angeweza kumwambia aseme kwa kichwa. Hakutaka.

"Mimi Nyanjige," alianza, "mpishi wa shule hii, ninaomba radhi kwa kamati, walimu na wanafunzi, kwa kukiuka u-ta... uta-ra..."

"Utaratibu!" ilidakia sauti nyembamba kutoka mstari wa darasa la tatu.

Shule nzima ikacheka. Mwalimu Januarius aliliacha lile cheko likue, likomae, likauke lenyewe, ndipo akasema kwa upole mkubwa, "Rudia hapo, mama. Ili lieleweke."

Nyanjige akarudia. Utaratibu. Akamaliza kusoma kwamba chakula cha shule ni haki ya aliyechangia, akaikunja karatasi, akaenda kuwasha moto. Moshi siku ile ulikuwa mwingi, na hakuna aliyeuliza kwa nini macho yake ni mekundu.

Saa sita na nusu Precious alikuja na orodha mpya. Aliyaita majina kwa sauti ndogo, bila kumtazama mtu, na rula hakuja nayo. Alipofika jina la mwisho, Joyness alijongea na sahani. Nyanjige aliujaza upawa, akamimina, akaujaza tena, akamimina, mpaka sahani ikawa kichuguu. Joyness aliibeba kwa mikono miwili. Hakukaa na wenzake. Alipita mbele ya ofisi ya walimu, akatoka nje ya ua wa minyaa, akachuchumaa mbele ya Mboje, akaweka sahani chini katikati yao.

Mwalimu Januarius alitoka mbio na bakuli lake.

"Joyness! Mama yako ameomba radhi asubuhi, wewe mchana unarudia?"

"Mama aliomba radhi kwa chakula cha waliochangia, mwalimu. Hiki hakijachangiwa."

"Ni nini basi?"

"Ni mshahara wa mama yangu. Mshahara wako, mwalimu, ukishaupokea, anakupangia nani wa kula naye?"

Walimu wawili waliokuwa dirishani wakarudi ndani upesi, mabega yakiwatikisika. Hoja hiyo haikuwemo kwenye muhtasari. Mwalimu Januarius akamgeukia Nyanjige.

"Na wewe, sahani gani hiyo?"

"Tulipatana sahani moja, mwalimu," Nyanjige alisema. "Ukubwa hatukupatana."

Ikawa hivyo wiki zote tano. Mboje alikula nusu ya Joyness, na jioni baada ya masomo wawili hao walikokotoa sehemu na asilimia kwa kijiti mchangani kabla Mboje hajaianza safari yake ya kurudi. Wale wengine hamsini na wanne waliendelea kutazama moshi. Nyanjige alikuwa na sahani moja tu ya kuijaza, na kila alipoujaza upawa ule alijiepusha kuinua macho kuelekea kwenye ua.

Matokeo yalipotoka, shule ilipata cheti. Katika arobaini na mmoja walifaulu thelathini na wanane, Joyness akiwa wa kwanza kabisa. Katika hamsini na watano walifaulu watano, na mmoja wao alikuwa Mboje. Precious hakufaulu. Ila mtoto wa Kasmiri hafeli, hubadilishwa shule. Kabla cheti hakijatundikwa ukutani alikuwa ameshapelekwa Mwanza, kwenye shule ya kulipia, arudie darasa la saba kwa Kiingereza. Wale hamsini wa nje ya ua nao walirudi, kwenye ng'ombe na kwenye pamba, na wasichana wawili kwa wanaume waliokwisha kutoa mahari.

Sherehe ya pongezi ilifanyika Novemba, uwanjani, chini ya turubai la kukodi. Mwalimu Januarius alivaa suti. Mayige, ambaye mwezi wa nane hakuwa na debe la mahindi, alileta beberu mzima, akapewa kiti cha mbele karibu na Kasmiri, na kila aliyepita alimweleza kwamba binti yake amerithi akili za upande wa baba. Kupika akaitwa Nyanjige. Safari hii ilikuwa pilau, na walipakuliwa watu wote waliokuwepo, maana afisa wa elimu alikuwa anatazama.

Mwalimu Januarius alihutubia nusu saa. Aliisifu kamati, akaisifu kambi, akawalaumu wazazi. Kisha akamwita Mboje mbele, akamshika bega.

"Mheshimiwa afisa, huyu ni mtoto wa kaya ya kifugaji. Kaya duni. Lakini amefaulu! Kwa hiyo wale wanaosema umaskini unazuia watoto kusoma, jibu lao hili hapa. Ni bidii tu."

Makofi. Afisa alifurahi sana. Akaomba kipaza sauti, akainama hadi usawa wa mtoto.

"Hongera, binti. Hebu waeleze wenzako. Siri yako ya kufaulu ni nini?"

Akakisogeza kipaza sauti mdomoni mwake. Mboje alikuwa hajawahi kukisemea. Alikitazama, akawatazama watu, akajibu kama anavyojibiwa mtu mzima, kwa ukweli na kwa kifupi.

"Nilikuwa nakula nusu ya Joyness."

Afisa akatabasamu bila kuelewa.

"Na wale wenzako walioshindwa? Wao walikosa nini?"

"Wao hawakuwa na Joyness."

Mwalimu Januarius alikirukia kipaza sauti kwa mikono miwili. "Makofi kwa urafiki mwema!" alipaza sauti. "Makofi tafadhali!" Na makofi yakapigwa, ya mbele na ya nyuma. Kasmiri alipiga, Mayige alipiga, afisa alipiga daftari likiwa kwapani. Kule nyuma ya turubai Nyanjige hakupiga. Alikuwa ameinama juu ya beseni la vyombo, mikono imezama kwenye maji hadi viwikoni, na aliiacha humo mpaka makofi yalipokwisha.